Umevunja sharti la probesheni? Mwongozo kamili, kuanzia siku uliyokosa kuripoti hadi mbele ya hakimu

Swali linalotufikia kutoka Mwanza ni lile lile, hubadilika jina la mwalo tu. Kijana alipewa probesheni, yaani badala ya kifungo aliwekwa chini ya uangalizi wa afisa, akaripoti vizuri miezi ya mwanzo, akakosa siku moja, akaogopa. Kwa kuogopa akakosa na ya pili. Kisha akapanda mtumbwi kwenda visiwani "mpaka mambo yapoe".

Mambo hayapoi. Afisa akiacha kukupigia simu, usidhani amesahau; huenda ameshapeleka taarifa kwa hakimu.

Kukosa siku moja mara nyingi kunarekebishika. Kutoweka ndiko kunakopeleka watu gereza la Butimba. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mtu ambaye tayari amekosea, au anaona anaelekea kukosea, na anataka kujua afanye nini leo. Sheria zinazozungumzwa ni za Tanzania Bara. Ukiwa na wakili, msikilize yeye kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vikusanye vyote kwenye bahasha moja ya plastiki. Karatasi ya mahakama ikilowa ziwani huna tena cha kuonyesha.

- Nakala ya amri ya mahakama. Unapaswa kupewa. Kama uliipoteza, nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, mpe namba ya kesi na jina lako kamili, uombe nyingine.
- Namba ya kesi, mwaka wake na jina kamili la mahakama. "Kesi yangu ya mjini" haimsaidii karani.
- Jina la afisa probesheni, namba yake ya simu na mahali ofisi yake ilipo. Viandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, maana simu za wavuvi huzama.
- Daftari dogo la kuandika kila siku uliyoripoti, saa, na nani alikupokea.
- Ushahidi wa sababu yako: cheti cha hospitali, barua ya mtendaji, tiketi ya kivuko, kibali cha mazishi.
- Kitambulisho cha NIDA, au barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Mtu mzima mmoja wa familia ambaye afisa anamfahamu.
- Nauli. Fedha nyingine ya kubeba hakuna, kwa sababu kuripoti ni bure.

## Hatua ya 1: Jua uko chini ya amri ipi

Hapa ndipo wengi wanapoanza kukosea. Mtaani kila anayetoka mahakamani bila pingu anasemekana "kafungwa nje". Kisheria kuna mambo manne au matano tofauti humo ndani, na matokeo ya kuyavunja hayafanani.

Kuachiwa kwa masharti. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamruhusu hakimu kumwachia aliyetiwa hatiani kwa sharti kwamba asitende kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa kawaida hapa huna mtu wa kumripotia. Ukitenda kosa jingine ndani ya muda huo, unaweza kurudishwa na kuhukumiwa kwa lile la kwanza.

Probesheni. Hii iko chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 247. Mahakama haikupi kifungo. Inakuweka chini ya uangalizi wa afisa kwa muda usiozidi miaka mitatu, kwa masharti yaliyoandikwa. Hakimu huangalia umri wako, tabia yako, mazingira ya nyumbani, afya yako na uzito wa kosa. Kabla ya kutoa amri anatakiwa akueleze kwa lugha unayoielewa maana yake na kitakachokupata ukiivunja, nawe uonyeshe kwamba uko tayari kuifuata. Kumbuka pale uliposimama ukasema "nimekubali, mheshimiwa". Neno lile liliandikwa.

Huduma kwa jamii. Sheria yake ni ya mwaka 2002. Inamhusu aliyetiwa hatiani kwa kosa lenye kifungo kisichozidi miaka mitatu, au kosa zito kidogo ambalo hakimu ameona kifungo chake hakistahili kuvuka miaka mitatu. Badala ya gereza unafanya kazi ya umma bila malipo: kutengeneza barabara, kupanda miti, kutunza vyanzo vya maji, ukarabati wa shule au zahanati. Hapa pia ridhaa yako inahitajika.

Parole na kazi za nje za wafungwa. Hizi zinasimamiwa na Magereza. Anayezitumikia ni mfungwa anayemalizia kifungo akiwa nje ya geti. Akivunja masharti anarudi kuendelea na kifungo kile kile. Kama uliwahi kulala gerezani kwa hukumu hii kabla ya kutoka, huenda uko kundi hili, na wa kumfuata ni Magereza.

Mtoto wa chini ya miaka 18 ana njia yake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii. Mzazi, usimpeleke mtoto kwenye foleni ya watu wazima.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila kusitasita: "Niko kwenye probesheni ya miezi 18, Mahakama ya Wilaya fulani, naripoti kwa afisa fulani." Ukishindwa, rudi kwa karani. Usiendelee kwa kubahatisha.

## Hatua ya 2: Geuza masharti yawe tarehe

Soma amri mstari kwa mstari. Kama kusoma ni tabu, mpe mtu akusomee polepole, tena mara mbili. Masharti ya kawaida ni kuripoti kwa siku ulizopangiwa, kuishi mahali palipotajwa, kuwa na mwenendo mzuri, wakati mwingine kuacha pombe, kukaa mbali na watu fulani, au kumlipa fidia uliyemkosea.

Kwa wavuvi wa dagaa kalenda ya ukutani haitoshi. Dagaa huvuliwa giza; mbalamwezi watu hurudi nyumbani kupumzika na kutengeneza nyavu. Sasa amri inasema "Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi", na Jumatatu ya kwanza haijali mwezi uko wapi angani. Chukua kalenda, weka alama siku za giza, kisha weka alama siku za kuripoti. Utaona mapema ni miezi ipi zinagongana.

Zikigongana, mwambie afisa kabla, siku unayoripoti mwezi uliotangulia. Siku ya kuripoti afisa anaweza kuipanga upya ndani ya mipaka ya amri. Sharti lenyewe lililoandikwa na mahakama hana uwezo wa kulifuta. Hilo ni la hakimu. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaja kujitetea mahakamani kwamba "afisa aliniruhusu kuhama". Afisa akiulizwa atasema hakuwa na mamlaka hayo, na atakuwa sahihi.

Onyo jingine: tajiri wa mtumbwi hana ruhusa ya kukupa. "Bosi alikataa nisiondoke kambini" si utetezi. Mwonyeshe ile amri mapema, kabla hamjapatana. Tajiri mwenye akili atakupangia. Asiyekuwa nayo, bora umjue mkiwa bado nchi kavu.

## Hatua ya 3: Umekosa siku. Fanya hivi leo hii

Usisubiri siku ya kuripoti inayofuata. Sababu ni moja: afisa ana wajibu wa kutoa taarifa, na taarifa yake inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza: "Hakufika tarehe 4, alinipigia siku hiyo hiyo, alifika tarehe 6 na cheti cha hospitali." Ya pili: "Hakufika tarehe 4. Simu haipatikani. Nyumbani hawajui alipo." Kosa ni lile lile, lakini hakimu akizisoma anaona watu wawili.

Kwanza piga simu. Asipopokea, tuma ujumbe. Usiandike hadithi ndefu. Ujumbe unaofaa uko hivi:

"Shikamoo afisa. Mimi ni (jina kamili), wa kesi ya jinai namba (…), Mahakama ya (…). Leo ilikuwa siku yangu ya kuripoti, sikufika kwa sababu nimelazwa na mwanangu hospitali ya Sekou Toure tangu jana usiku. Nitafika ofisini kesho kutwa asubuhi na cheti. Naomba samahani."

Una jina, kesi, sababu na siku utakayofika. Usiufute kwenye simu yako. Ukijibiwa, usifute jibu pia.

Pili, nenda mwenyewe. Simu haihesabiwi kuwa kuripoti. Fika siku ile uliyoahidi, ukiwa na yule mtu wa familia kama unaogopa kwenda peke yako. Mama au shangazi akiwa pembeni, mazungumzo huwa ya kiungwana zaidi, na afisa anapata shahidi kwamba nyumbani unafahamika.

Tatu, beba karatasi. Neno tupu halina uzito. Ugonjwa: cheti cha hospitali au zahanati chenye tarehe na muhuri, risiti ya duka la dawa haitoshi. Msiba: barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Ziwa kuchafuka na vyombo kuzuiwa: barua ya uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo uliokwama, na tiketi kama ulikuwa na kivuko. Wa Sengerema na Buchosa wazoee kwamba ile sababu ya "foleni ya kivuko Kigongo" imekufa. Daraja limefunguliwa Juni 2025 na kila hakimu anajua.

Nne, andika kwenye daftari. Tarehe, saa, uliyeonana naye, alichosema. Mwombe asaini. Akikataa usibishane, andika tu kwamba umefika.

Sasa maonyo, na haya ni mazito kuliko kukosa kwenyewe.

Usinunue cheti cha hospitali. Kughushi hati ni kosa la jinai linalojitegemea. Utakuwa umegeuza siku moja ya kukosa kuripoti kuwa kesi mpya, na kesi mpya ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kuvunja probesheni.

Usimtume mdogo wako. Kwenye huduma kwa jamii tabia hii ipo sana: mwenye adhabu yuko mwaloni Kirumba anabeba samaki, mdogo wake yuko shuleni anafyeka majani kwa jina la kaka. Msimamizi wa kazi akigundua anaripoti kwamba hukufanya kazi, na kila saini uliyowekewa inatiliwa shaka, hata zile za siku ulizofika kweli.

Usitoe hela. Wapo watakaokunong'oneza kwamba "ukimwona mtu" jina lako litapigwa tiki. Anayepokea na anayetoa wote wana kosa. Ukiombwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Na usimfuate mlalamikaji nyumbani kumwomba "afute kesi". Kesi imeshahukumiwa, hana cha kufuta. Kama sharti linakukataza kumkaribia, umelivunja kwa kugonga mlango tu, hata ukiwa umebeba jogoo. Suluhu ipitie kwa afisa au wazee watakaokwenda bila wewe.

Umefaulu hatua hii kama umetoka ofisini na siku mpya ya kuripoti iliyoandikwa. Unaweza kuwa umegombezwa. Vumilia, hiyo bado si hukumu.

## Hatua ya 4: Unataka kuhama au kwenda kambini

Kuhama kimyakimya kunavunja sharti la makazi hata kama hukukosa siku hata moja.

Ukitoka mtaa mmoja kwenda mwingine ndani ya Nyamagana, mweleze afisa kabla, mpe jina la mwenye nyumba na la mwenyekiti wa mtaa. Ukivuka wilaya, kwa mfano kutoka Ilemela kwenda Ukara au Nansio kule Ukerewe, jambo linakuwa kubwa zaidi: mahakama inaweza kurekebisha amri ili usimamiwe na afisa wa wilaya unayokwenda. Hilo huchukua muda, hivyo omba mapema, uendelee kuripoti ulipo mpaka ujibiwe.

Kwenda Kome au Maisome kwa giza moja tu si kuhama, lakini usiende bila kuaga. Acha jina la kisiwa, jina la kambi na namba ya mtu wa BMU. Ukiaga, hata ukichelewa kurudi, hakuna atakayesema umetoroka.

Fidia nayo iingie hapa. Kama uliamriwa kulipa kidogokidogo na msimu umekuwa mbaya, usiache kulipa ukanyamaza. Nenda na ulichonacho, uombe kupangiwa upya. Aliyelipa nusu na kueleza hatazamwi sawa na aliyejificha.

## Hatua ya 5: Samansi imekuja, au polisi wamekuja

Mahakama ikipata taarifa kwamba umevunja masharti ina njia mbili za kukuita: samansi, yaani hati ya wito yenye tarehe ya kufika, au hati ya kukamatwa. Samansi hupewa mtu anayepatikana. Hati ya kukamatwa hutolewa zaidi kwa asiyejulikana alipo. Ndiyo maana hatua ya 3 imepewa nafasi kubwa.

Ukipokea samansi, saini, soma tarehe na chumba, ufike saa mbili asubuhi. Usipofika, hati ya kukamatwa inafuata, na sasa utaingia mahakamani ukitokea mahabusu.

Ukisikia kwamba kuna hati ya kukamatwa kwa jina lako, ushauri wangu ni mgumu lakini sijaona ulio bora: jipeleke. Nenda kwa afisa au moja kwa moja mahakamani, asubuhi, siku ya kazi, na ndugu mwenye barua ya serikali ya mtaa anayeweza kukudhamini. Ukikamatwa Ijumaa jioni baa Igoma utalala ndani mpaka Jumatatu. Ukijipeleka Jumanne asubuhi, hakimu anaweza kukusikiliza siku ile ile au kukupa dhamana.

Familia nayo isimfiche. Inaonekana ni huruma, lakini kila wiki anayojificha inaongeza mstari kwenye taarifa itakayosomwa mbele yake.

Tafuta msaada wa kisheria hapa, usisubiri hukumu. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Wasaidizi hawa hawasimami mahakamani kukutetea, ila watakusaidia kupanga maelezo na karatasi zako, na hiyo ndiyo nusu ya kazi.

## Hatua ya 6: Siku ya mahakama

Vaa nguo safi, zima simu, simama hakimu anapoingia. Mwite "mheshimiwa".

Utasomewa madai: sharti gani, lilivunjwa lini, kwa namna gani. Kisha utaulizwa kama ni kweli. Sekunde hizi chache ndizo zinazowaponza wengi. Mtu ana sababu nzuri kabisa, ana cheti mfukoni, lakini kwa woga anajibu "ni kweli, mheshimiwa, naomba msamaha", anakaa. Kwenye jalada limeandikwa amekiri, basi.

Kama ulikosa na una sababu, sema yote kwa pamoja: "Ni kweli sikufika tarehe 4, mheshimiwa, lakini nilikuwa hospitali na mtoto, na cheti ninacho." Kama madai si kweli, sema si kweli. Hapo upande wa pili utaleta ushahidi, kwa kawaida afisa mwenyewe, nawe una haki ya kumuuliza maswali. Haki ya kusikilizwa iko kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a).

Maswali yako yawe mafupi na ya ukweli unaoweza kuthibitika. "Afisa, je, tarehe 4 nilikutumia ujumbe?" "Je, tarehe 6 nilifika ofisini kwako?" Usimuulize kwa nini anakuchukia. Akijibu vizuri maswali yako mawili, yeye ndiye anakuwa shahidi wako.

Halafu zamu yako. Toa bahasha, toa daftari. Mweleze hakimu na yale uliyofanya sawasawa: miezi uliyoripoti bila kukosa, fidia uliyolipa, kazi uliyonayo, wanaokutegemea. Usilie kwanza ukaeleza baadaye, kwa sababu karani huandika maneno.

## Hatua ya 7: Anachoweza kuamua hakimu

Ikithibitika kwamba ulivunja sharti, na hukutenda kosa jipya, milango iko zaidi ya mmoja.

Kwenye probesheni, hakimu anaweza kukutoza faini na kuiacha amri iendelee. Hii ndiyo njia ya kuiomba kwa maneno ya wazi: "Naomba mheshimiwa uniache niendelee na amri." Anaweza pia kuona kwamba amri imeshindwa kazi, akakuhukumu kwa kosa lako la mwanzo kana kwamba umetiwa hatiani leo.

Tuone maana yake. Chukua kijana aliyepigana mwaloni, akatiwa hatiani kwa shambulio la kudhuru mwili. Kosa hilo lina kifungo kinachoweza kufika miaka mitano. Hakimu alimwonea huruma kwa umri wake, akampa probesheni ya miaka miwili. Ameripoti miezi 14, akatoweka. Akirudishwa, anayehukumiwa ni yule mpiganaji wa mwaloni, na ile miaka mitano iko mezani pale pale ilipokuwa siku ya kwanza. Miezi 14 aliyoripoti haikatwi kwenye kifungo, kwa sababu hakuwa anatumikia kifungo. Ana haki ya kumwomba hakimu aizingatie kama dalili ya mwenendo mzuri, na mahakimu husikiliza ombi hilo, lakini hiyo ni busara ya hakimu.

Nimewaona watu wakibisha hapa kwamba "nimebakiza miezi 10, basi watanifunga hiyo 10". Hapana. Hesabu hiyo ni ya mtaani.

Kwenye huduma kwa jamii, mahakama inaweza kukuonya, kurekebisha amri iendane na hali yako (kubadilisha mahali pa kazi au saa, kwa mfano), au kuifuta na kukupa adhabu nyingine ambayo sheria inaruhusu kwa kosa lako. Mwenye ugonjwa au mjamzito anayeshindwa kazi ya sulubu aombe marekebisho kabla hajaacha kwenda. Kuacha kwanza na kuomba baadaye kunasomeka vibaya.

Kosa jipya ni habari nyingine. Ukikutwa na hatia kwa kosa ulilotenda ndani ya muda wa amri, unaweza kuadhibiwa mara mbili kwa njia halali: adhabu ya kosa jipya, na adhabu ya lile la zamani lililosimamishwa na probesheni. Hapo hata sababu ya kueleza inakuwa ngumu kuipata. Na usifikiri makosa ni wizi na ugomvi tu. Kukutwa na kokoro au na sangara wachanga ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mvuvi aliye kwenye probesheni akipanda mtumbwi wenye zana haramu za tajiri, tajiri atalipa faini, yeye atarudishwa kwa hakimu wake. Kagua nyavu kabla hujapanda.

## Hatua ya 8: Umefungwa

Familia isimalizie nguvu kwenye kilio nje ya mahakama, kwa sababu siku zimeshaanza kuhesabiwa.

Kama uamuzi ni wa Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kama ni wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, unatoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Aliyeko gerezani hahitaji kutoka: anaweza kuwasilisha taarifa na rufaa kupitia kwa mkuu wa gereza.

Kazi ya ndugu wa nje ni kuomba kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo, siku ile ile, na kubaki na kopi ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Sababu za rufaa zinazoeleweka ni kama hizi: hakusikilizwa, ushahidi wake haukuguswa, au adhabu imezidi ile inayoruhusiwa kwa kosa la mwanzo. "Tunaomba huruma" peke yake ni dhaifu.

## Muda wa amri ukiisha

Siku ya mwisho nenda ukaripoti kama kawaida. Usihesabu mwenyewe ukaacha. Watu hukosea mwezi mmoja wa mwisho, na kukosa mwezi wa mwisho ni kukosa. Kama umekwenda vizuri kwa muda mrefu, unaweza hata kuomba kupitia kwa afisa kwamba mahakama ikufungulie kabla ya muda. Ombi hilo lipo kisheria, na wachache huliomba.

Mwombe afisa akuandikie barua fupi kwamba umemaliza, yenye namba ya kesi na tarehe. Iweke pamoja na ile amri kwenye bahasha, piga picha, mtumie ndugu mmoja. Siku polisi wakikusimamisha na jina lako bado linasomeka kwenye orodha ya zamani, hiyo ndiyo karatasi ya kuwaonyesha.